Boliti Inayoimba

Baba ndiye aliyenifundisha kazi ya kufunga mitambo melini. Jenereta hukalishwa juu ya msingi wa chuma, hukazwa kwa boliti, kisha kila boliti hugongwa kwa nyundo. Iliyokaza huimba, iliyolegea hutoa sauti butu. Baba hakuwahi kukosea, na karakana nzima ilimwita Masikio.

Lakini nyumbani alikuwa akifungulia redio mpaka majirani wanagonga ukuta. Ukimuuliza kama ameshiba, anakujibu mvua haijanyesha. Tulicheka sana, na mimi nilicheka kuliko wote, kwa hofu tu. Ukaguzi wa mwisho ulikuwa wake. Boliti zikilegea, mtambo ule mzito utang'oka baharini meli ikiyumba, na pembeni yake wanafanya kazi watoto wa watu.

Siku moja nikaamua kumjaribu. Kabla hajashuka chumba cha mitambo nililegeza boliti ya pembeni, kisha nikasimama mbele yake kama kawaida yetu, uso mkavu.

Akagonga ya kwanza, akanitazama. "Inaimba." Akagonga ya pili. "Inaimba." Akafika kwenye ile yangu.

Ko. Hata mpishi wa meli angejua. Baba akanitazama, akanitazama tena.

"Inaimba," akasema.

"Haiimbi, baba." Nilitamka polepole ili aione midomo.

Akaketi kwenye ukingo wa msingi. Hakunikasirikia, afadhali angenitukana.

"Kitambo sasa nasikia kwa uso wako, mwanangu," akasema. "Boliti ikiwa mbovu, unakunja uso kabla sijashusha nyundo. Leo umeninyima."

Kumbe masikio yenyewe yalikuwa mimi, wala sikujua. Moyo uliniuma, nikatamani nimeze maneno yangu.

"Mficha maradhi..." akaanza, akacheka kidogo, methali hakuimaliza. Akanikabidhi nyundo. "Haya, fundi. Maliza kazi."

Nikaikaza ile boliti kwa spana mpaka ikagoma kuzunguka. Nikaigonga. Iliimba, sauti safi iliyojaa chumba kizima. Nikainua kichwa nimwambie, machozi yananitiririka.

Baba alikuwa ananitazama usoni.

"Bado imelegea," akasema. "Kaza tena, mwanangu."