Mama Yuko Kiti cha Nyuma

Mama alitaka kitu kimoja tu kabla ya kupasuliwa nyonga: wanawe wawili wamtembeze kwa gari pamoja, wapite barabara ya pwani, kisha wapande mlima taratibu wakitazama nchi. Alijua fika kwamba hawasemezani tangu matanga ya baba yao, waliposhikana mashati mbele ya waombolezaji. Ndiyo maana aliwataka wote wawili. Akina mama wana vichwa vigumu, na huyu alizidi.

Mkubwa, dereva wa lori, alishika usukani. Mdogo, kinyozi, alikaa kando yake amenuna. Mama alinyoosha mguu wake mbovu kiti cha nyuma.

"Tazameni maji yale, wanangu!"

Hakuna aliyetazama.

"Kaka, leo hujabeba saruji," kinyozi akasema kwenye kona ya tatu. "Umebeba mzazi."

"Funga domo."

"Njoo unifunge."

Dereva akamzaba kofi bila kutoa jicho barabarani. Mama akapiga ukelele. Kinyozi akacheka kicheko cha uchokozi. Barabara ikaiacha bahari chini, ikaanza kupinda mlimani.

Dereva aliona aibu. Alikuwa ameapa kwamba siku hii moja atamrudisha mama nyumbani akiwa na furaha. Akafungua mdomo aombe radhi. Kinyozi, aliyekuwa bado analihesabu lile kofi, akamuwahi kwa kiwiko. Pua ikapasuka, damu ikatapakaa kwenye usukani.

Gari likayumba, likaponea chupuchupu kuingia korongoni. Dereva akaliingiza kwenye kiwanja cha changarawe ambapo wasafiri husimama kupiga picha, akazima injini, akaruka nje. Miaka ishirini hakuwahi kuhangaika na breki ya mkono. Ya lori lake ilikuwa mbovu, na kila aliposimama, utingo wake alikuwa ameshapiga kigingi chini ya gurudumu kabla yeye hajafungua mlango. Leo kulikuwa na utingo gani? Hakujiuliza. Alikuwa na kazi ya kumng'oa mdogo wake kitini.

Alimvuta kwa ukosi, akamtwanga ngumi ya mdomo, jino likaruka. Kinyozi akapapasa chini ya kiti, akaibuka na spana ya magurudumu, akampiga nayo begani. Dereva akanguruma, akamkaba koo, akambana kwenye nguzo ya kibao.

"Mtaniua nyie kabla ya daktari!" mama alilia dirishani. "Mwachie mwenzako!"

Hakumwachia. Alikaza mikono, na Mungu amsamehe, alisikia raha.

Ndipo, juu ya bega la kinyozi, akaliona gari linasogea. Lilikwenda polepole, likirudi nyuma kuelekea ukingo wa korongo. Mama alikuwa bado anawatazama wao, hatazami anakokwenda.

Dereva akaliachia koo, akatimua mbio. Kinyozi, akikohoa, akadhani kaka yake anafuata silaha. Akamfikia kwa hatua tatu, macho kwenye miguu ya kaka yake tu, akaizungusha spana kwa nguvu zake zote. Goti likavunjika kwa mlio, dereva akaanguka kifudifudi kwenye changarawe.

"Mama!" akapiga kelele, akinyoosha kidole. "Mama!"

"Usimtaje mama!" kinyozi akafoka, akamzunguka na kumkingia njia, akainua spana tena.

Nyuma yake magurudumu yakapanda mawe ya ukingoni, yakashuka upande wa pili. Bati likagonga mwamba, likagonga tena, mara ya tatu kwa mbali sana chini.

Kinyozi akageuka. Kiwanja kilikuwa kitupu. Spana ikamtoka mkononi.

"Kaka, hukuvuta breki?"

Tangu utoto dereva hakuwahi kumkubalia mdogo wake kosa hata moja.

"Sikuvuta."

Kinyozi akalitazama goti alilolivunja.

"Kwa hiyo ulikuwa unakimbilia... Kaka, si ungeniambia!"

"Nilikuambia," dereva akasema, akaanza kutambaa kuelekea ukingoni.