Hatua Kumi na Mbili za Mbingu

Kitendawili. Usinitumbulie macho, mtu akiambiwa kitendawili hujibu "tega". Haya. Hulala hapa, huamka kule, na miguu hana. Usiropoke. Kifunge kwenye pindo la kanga, au kitie mfukoni kama kanga huvai, na huko mbele utakifungua mwenyewe.

Bi Wanu alitandika mikeka mitatu uani, akaikung'uta mchanga, akaifunika kandili kwa sufuria ili isishindane na vya juu. Ilikuwa Desemba, shule zimefungwa. Kila Desemba bintiye Shadya huja kutoka Chumbageni na mumewe Khalifa na mabinti wao wawili, Hamdiya na Malak, wakalala chali kwa bibi yao kukitazama Kilimia. Kijiji cha Mnyaani kiko kusini ya Tanga, mbele kidogo ya pale nguzo za umeme zilipochoka. Giza lake ni la kutosha, halina tundu. Kahawa ilikuwa kwenye birika, kashata za nazi kwenye sahani, na Malak alikwisha kula tatu na kuzipanga upya zilizobaki ili zionekane hazijaguswa.

Khalifa alikuja wa mwisho, akipitia mlango wa ua, kavaa kikoi na miwani ya jua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Umelala?"

"Kidogo."

"Wapi?"

"Palepale," alisema Khalifa, akakaa.

Hakuna aliyemuuliza kuhusu miwani. Alikuwa na miaka minne akiivaa usiku.

Mnyaani kila kiwanja kina mbingu yake. Jambo hili halina siri, wala halina maajabu. Mtu akinunua shamba hununua na nyota zilizo juu yake, kama vile anunuaye mbuzi mwenye mimba haambiwi arudishe kitoto. Mzee Zubeiri alipouza shamba lake la minazi alihama na nyota moja tu, ile ya juu ya choo, kwa kuwa choo hakikuwamo kwenye mauziano. Mpaka leo yuko nayo kwa mwanawe Usagara, na majirani wa huko wanalalamika kuwa inawamulika dirishani.

Mumewe Bi Wanu, marehemu Shaib, alizikwa ukingoni mwa kiwanja chake mwenyewe, karibu na ua wa mnyaa, kama alivyotaka. Wiki mbili kabla hajafa alimchukua mkewe mpaka pale, akachora mchangani kwa fimbo. Mstari mmoja wake, mstari mmoja wa mkewe.

"Hapa miye. Hapa weye."

Bi Wanu alipatazama mahali pake. "Shaib, hapo umenipimia yule msichana uliyemtoa Pemba. Huyu wa sasa hapo hatoshi."

Shaib akaongeza shubiri moja. Ndiyo ilikuwa nyumba ya mwisho aliyomjengea.

Baada ya mazishi Bi Wanu alikaa eda ndani, miezi minne na siku kumi, madirisha yamefungwa. Siku ilipokwisha alikoga, akavaa nguo ya rangi, akatoka uani usiku na kutazama juu. Mbingu yake ilikuwa imepunguzwa upande wa magharibi, kama mkeka uliokatwa pindo. Ni hapo tu aliposhusha macho akauona ua. Ua wa mnyaa ulikuwa umesogea kwake hatua kumi na mbili. Mnyaa si mti wa kudeka. Unaukata, unauchomeka kwingine, na baada ya mwezi umesimama kama uliozaliwa pale. Mchanga ulikuwa umefagiwa vizuri, michirizi yote inaelekea upande mmoja.

Upande wa pili wa ua ilikuwa nyumba ya mapumziko ya Khalifa. Gari lake lilikuwa halina mahali pa kugeukia. Sasa lilikuwa napo.

Mpimaji alikwisha kuja kutoka mjini, jina lake Wilfred, mtu mstaarabu, aliyepiga hodi hata kwenye kaburi. Alipima kuanzia ua ulipo, kwa kuwa hakuna aliyemwambia ulikuwa wapi. Hati ikatoka. Mwenyekiti wa kitongoji, Ayubu, alikuja akatazama ua, akatazama mbingu, akahesabu kwa kidole, akasema ni kweli imepungua, lakini hati inazungumza habari ya udongo. Kisha akanywa kahawa vikombe viwili. Bi Wanu hakwenda mbele zaidi. Mtu hamshitaki mkwewe asubuhi, jioni akapokea begi la bintiye mlangoni.

Kwa hiyo kaburi la Shaib likawa kwa Khalifa, nyuma ya banda la gari, na mahali pa shubiri ya nyongeza pakawa pembeni yake. Kila Ijumaa ambayo Khalifa yupo hufungua geti kwa adabu, humpa mama kiti cha plastiki na juisi ya ukwaju, naye husoma Yasini yake akarudi kwake.

Ila nyota hufuata jina lililo kwenye hati. Zile za hatua kumi na mbili hazikubaki pale zilipokuwa. Zilihama zote zikaenda kukaa juu ya bati la Khalifa, juu ya zile alizokuwa nazo, zikabanana kama watu wa arusi. Pale zilipotoka pakabaki utepe mweusi, mweusi wa chungu kilichopikiwa miaka.

Tangu hapo nyumba ya Khalifa haina usiku. Jogoo wake aliwika saa tatu, akawika saa tano, akawika saa nane, mwishowe akapoteza imani akanyamaza kabisa. Shadya huanika nguo baada ya isha na kuzianua kabla hajalala. Zinakauka, ila nyeupe hupata madoa ya fedha yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Khalifa alitia mapazia mazito, akatia na juu ya mapazia blanketi. Nyota zikapitia matundu ya misumari. Alipolala kifudifudi zilimchoma kisogoni.

Mahali pekee penye giza katika mali yake palikuwa ni pale paliposalia utepe. Basi Khalifa huchukua mkeka na mto, huzunguka banda la gari, na kulala kando ya kaburi la baba mkwe wake, mahali pa mstari wa pili. Hulala vizuri sana hapo. Shaib hakuwahi kukoroma alipokuwa hai, na hakuanza.

Mwaka huu alikuwa amepata wazo. Atajenga chumba cha kulala papo hapo, kimoja, kidogo, chenye giza. Matofali yalikwisha kushushwa. Fundi Ernesti alikuwa aje Jumamosi, na usiku huu ulikuwa wa Alhamisi.

"Kile pale," alisema Malak, akikinyooshea kidole Kilimia.

"Kidole kitakupinda," alisema Bi Wanu. "Kionyeshe kwa kidevu."

Malak akakionyesha kwa kidevu. Kilikuwa juu kabisa, kifungu kidogo cha nyota kama watoto waliojificha nyuma ya kanga moja. Bi Wanu aliwaambia yale anayowaambia kila mwaka, kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kwamba mkulima asiyekijua hulimia ndege. Wakanywa kahawa. Kilimia kikateremka taratibu kuelekea magharibi, kikafika kwenye utepe, kikaanza kukatika. Nyota ya kwanza ikazimika, ya pili ikazimika.

Hamdiya aliinua simu yake, iliyoweza kuitambua nyota na kuiandikia jina. "Simu inasema zipo zote."

"Simu haikukosea," alisema Bi Wanu. "Haijui habari za huku tu."

Malak akapenya kwenye ua, akasimama kwenye mwanga mweupe wa kwao, akahesabu. "Bibi! Mbili zimeshaingia huku! Zimekaa juu ya tangi la maji!"

"Waambie wenyeji wazikaribishe."

Shadya alijifanya anatafuta kifuniko cha birika, ambacho kilikuwa juu ya birika. Khalifa aliiweka sawa miwani yake.

Malak aliporudi, Bi Wanu alijiegemeza kwenye mto. "Kitendawili."

"Tega," wakasema wote, na Khalifa akasema kwa sauti ndogo kuliko wenziwe.

"Hulala hapa, huamka kule, na miguu hana."

Kilikuwa ni kilekile. Alikitega mwaka alipotoka eda, akakitega mwaka uliofuata, na uliofuata. Na kila mwaka Khalifa aliharakisha kutoa mji kabla watoto hawajafikiri sana. Mwaka wa kwanza alitoa Pangani. Bi Wanu akaukataa, akasema Pangani kuna mbu. Mwaka wa pili alitoa Mombasa. Mombasa kuna wifi yake, hawasemezani. Mwaka wa tatu Khalifa alimpa Maskati, mji wa mababu zake mwenyewe, na Bi Wanu akaushika usiku kucha akaurudisha asubuhi kwa sababu ya joto. Kwa hiyo jibu halikutajwa, maana mpewa mji hasemi mpaka aridhike.

"Mwaka huu mkwe wangu subiri kidogo," alisema Bi Wanu. "Wape watoto nafasi."

"Nyota," alisema Malak.

"Nyota ina miguu. Hukuona ilivyokanyaga tangi la baba'ko?"

"Kivuli," alisema Hamdiya.

"Kivuli hakilali hapa. Hapa usiku hakipo."

"Konokono."

"Konokono hubeba nyumba yake mwenyewe. Huyu hubeba ya mwenziwe."

"Nyoka."

"Nyoka huacha mburuzo. Huyu hufagia."

Malak aliinuka akakaa kitako, macho yamemng'aa. "Baba! Baba hulala chumbani, akaamka kaburini kwa babu!"

Shadya aliangua kicheko akakizima kwa upande wa kanga. Bi Wanu alimtazama mkwewe kwa huruma ya kweli.

"Umekaribia, mjukuu wangu. Lakini baba'ko miguu anayo."

"Tumeshindwa," alisema Khalifa. "Mama, nakupa Dar es Salaam."

"Kuna foleni."

"Nakupa Unguja."

"Nimetoka visiwani kwa miguu yangu, nirudi nikafanye nini?"

"Basi nakupa Tanga. Tanga yote, mama. Ngamiani, Usagara, bandari, na soko lake."

"Na Chumbageni?"

"Chumbageni nakaa mimi," alisema Khalifa.

Hata Hamdiya alicheka. Bi Wanu alisubiri kicheko kiishe, akamimina kahawa, akampa Khalifa kikombe kwa mkono wa kulia.

"Mkwe wangu una mkono mpana. Tangu Shaib aondoke umenipa miji sita, na sikukuomba hata mmoja. Lakini miye nimezeeka, mji nitaufagia na nani? Usiku huu sitaki mji. Nipe hatua kumi na mbili."

Jogoo aliyenyamaza miaka minne alikohoa huko kwenye banda.

"Za wapi?" aliuliza Khalifa.

"Za popote utakapopenda kuanzia kuhesabu. Ukianzia uani ukaenda magharibi, nitashukuru zaidi."

Shadya aliweka kikombe chini. "Baba Hamdiya," alisema, bila kumtazama, "Jumamosi fundi anaweza kuambiwa asije."

"Matofali yameshashushwa."

"Matofali hayaozi."

Khalifa alikizungusha kikombe mkononi. Wote walijua, na yeye alijua kuliko wote, kwamba hatua zikirudi, nyota zitarudi nazo usiku huohuo, bati lake litapoa, na ataweza kulala kitandani mwake kama mtu. Alikuwa na usingizi wa miaka minne kwenye kope. Lakini gari nalo lilikuwa limeshazoea kugeuka.

Kilimia chote kilikuwa kimeshavuka. Mbingu ya Bi Wanu ilibaki na nyota zake za kawaida na ule utepe, na ng'ambo ya ua bati la Khalifa liliwaka hata rundo la matofali likaonekana moja moja. Nyuma ya banda la gari palikuwa na giza tupu, pana kwa watu wawili waliolala ubavu kwa ubavu, mmoja akiwa amenenepa kidogo.

"Baba," alisema Malak, mdomo umejaa kashata, "kama hutaki kutoa, si utegue? Bibi alitufundisha. Aliyeshindwa hutoa anachoombwa. Aliyetegua hadaiwi kitu, hata chumvi."

Bi Wanu alifumba macho. Ni kweli, alikuwa amewafundisha hivyo, na mama yake alimfundisha hivyo, na sheria ya kitendawili haibadilishwi kwa kuwa mtu ana shida.

Khalifa alikunywa kahawa yake mpaka machicha. Akakiweka kikombe mkekani, akavua miwani ya jua, akaikunja. Macho yake yalikuwa mekundu, na alimtazama mama mkwe wake kwa heshima yote anayostahili.

"Mpaka," alisema. "Jibu ni mpaka, mama. Sidaiwi."