Ufunguo wa Pili

"Huo wa pili wa nani?" dada yake aliuliza.

Fundi funguo hakuinua macho. Mashine ilikuwa bado inauchonga, jino baada ya jino.

"Wa akiba."

"Akiba gani unaiandikia anwani yangu?"

Mkuu alipoingia madarakani na vifaru vyake alisema atakaa miezi sita tu, aweke mambo sawa. Watu walishangilia; fundi naye alipiga makofi mpaka viganja vikamuuma. Miezi sita ikazaa miaka mitatu, watu wakaanza kupotea, na mji mzima ukabadilisha vitasa. Kufa kufaana: hajawahi kupata wateja kama hao. Kisha akaja bwana mmoja mpole, akaagiza kila ufunguo uchongewe pacha wake, naye atakuwa akipita kila Ijumaa kuzichukua nakala hizo. Aliwasalimia na watoto wa fundi, mmoja mmoja kwa jina, ilhali hakuna aliyemtajia.

Leo ilikuwa Ijumaa. Na shemeji wa fundi, mume wa dada huyu, mwalimu wa hesabu, alikuwa amewauliza wanafunzi miezi sita ina siku ngapi. Tangu siku hiyo analala na viatu miguuni.

Fundi alitamani kumwambia dada yake ukweli. Lakini mlangoni alikaa mng'arisha viatu mgeni, ambaye tangu asubuhi alikuwa akipiga brashi kiatu kilekile. Basi akachukua tupa, akalikwangua jino la tatu la ule ufunguo pacha, mara mbili tu. Ungeingia, lakini usingezunguka.

Dada aliiona tupa, asielewe. "Unauweka sawa, eti?" Sauti ilimkatika. "Tumenyonya ziwa moja, kaka."

Akachukua kitasa na ufunguo wake, akaondoka bila kuaga. Angefanyaje? Mlango wa nyumbani kwake ulikuwa na tundu tupu la kitasa. Fundi akainamia kazi.

Saa kumi yule bwana akafika. Akazipekua funguo, akausoma ule wenye anwani ya mwalimu, akautia mfukoni bila hata kuutazama meno.

"Hongera, fundi. Huna upendeleo." Akatabasamu. "Huu tunaujaribu sasa hivi. Chukua vifaa vyako twende wote, maana funguo nyingine zina kiburi. Huu ukigoma, si wewe upo?"

Nje, mng'arisha viatu alikuwa amekwisha simama. Fundi alifungua mfuko wake, akaanza kuvitia vifaa kimoja kimoja, polepole, akitafuta kile ambacho mtu angeweza kukisahau.