Pumba Zilizovaa Mashati

Baba alituacha Jumanne asubuhi, akiwa ameketi kizingitini, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Mama alikuwa jikoni akimwambia chai inapoa. Alimwita mara tatu. Mara ya nne akaja mwenyewe na kikombe.

Wiki ya sita baada ya mazishi nilifungua stoo ya chakula cha ng'ombe nikakuta sakafu karibu tupu. Zilibaki pumba za siku tatu, labda nne ukiwanyima kidogo. Nilipomwambia Mama, alinijibu kama mtu aliyeshaamua zamani.

"Mnunuzi anakuja Jumamosi. Anachukua wote saba."

"Mama! Ng'ombe wa Baba?"

"Baba yako ndiye aliyejua kuwalisha. Mimi najua kumlilia tu."

Nikamwomba anipe nafasi moja. Kabla ya Jumamosi nikileta shehena ya pumba kutoka kinuni, kama alivyokuwa akileta Baba kila baada ya miezi miwili, ng'ombe wabaki. Nikishindwa, waende zao. Akafikiri, akasema sawa, lakini tutakwenda wote, nisije nikasema alikaa nyumbani kuniombea mabaya.

Alhamisi kulipokucha tulijibana wanne mbele ya lori letu dogo. Usukani ulikuwa kwa Breki, aliyekuwa dereva wa Baba kwa miaka kumi na mmoja, na aliyepewa jina hilo kwa sababu huikanyaga kabla hajaona sababu. Kando yake Mama, kisha mimi, na dirishani Shangazi, dada yake Baba, akiwa na begi la mtu anayehama.

"Wifi, tunarudi leo leo," Mama alimwambia.

"Safari ni safari. Gari likiharibika, wewe utavaa nini? Turubai?"

Mama naye alikuwa na sanduku miguuni. Ndani yake mlikuwa na nguo za Baba. Alikuwa amezikunja mwenyewe ili azipeleke kwa baba mdogo, anayekaa kando ya barabara hiyohiyo, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Tulipoikaribia nyumba ya baba mdogo, Breki akapunguza mwendo.

"Tutapitia wakati wa kurudi," Mama akasema, akitazama upande wa pili.

Kinu tulikisikia kabla ya kukiona. Kila kitu pale kilikuwa cheupe: kuta, miti, paka. Mpimaji alikuwa mwanamke mwenye kope zilizojaa vumbi, na aliposikia sisi ni watu wa nani alitushika mikono yote miwili, mmoja mmoja. Kisha akatikisa kichwa akarudi kazini.

"Haya, leteni magunia."

Nikamtazama Breki. Breki akamtazama Shangazi. Shangazi akamtazama Mama.

Katika nyumba yetu kila mtu ana kazi yake kwenye safari hii. Breki hukagua matairi. Mama hufunga chakula. Shangazi huaga majirani, hata wasiotaka kuagwa. Magunia yalikuwa kazi ya Baba. Aliyakunja na kuyapakia mwenyewe tangu sijazaliwa, na kwa hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyafikiria. Kinuni hawana magunia ya kuuza. Kila mteja huja na yake.

"Basi rudini mkayachukue," mpimaji alisema kwa upole. "Ila foleni ndiyo hii. Zamu yenu nyingine ni Jumanne."

Jumanne. Na mnunuzi anakuja Jumamosi. Niliketi kwenye ngazi ya lori nikaona ng'ombe saba wakitoka getini kwetu kwa mstari.

Breki alizunguka lori mara mbili akiguna. Kando za lori letu si mbao, ni nondo zenye nafasi unayoweza kupitisha kichwa. Pumba tupu zingepeperuka zote njiani.

"Tukipata cha kuziba kando," alisema hatimaye, "tunamwaga katikati, tunafunika turubai juu. Tunahitaji ukuta tu."

"Ukuta wa nini?" nikauliza.

Shangazi alikuwa ameshafungua begi. Alitoa magauni matano, mashuka mawili na foronya. "Na mlinicheka!" Tukafunga mikono ya magauni, tukafunga pindo, tukajaza pumba kupitia shingoni, tukazisimamisha nguo kwenye nondo. Breki akatoa ovaroli yake ya akiba. Wateja wengine wakaacha foleni waje kutazama. Mmoja alitoa koti lake la mvua, akasema atalifuata siku nyingine.

Upande wa kulia ukakamilika. Wa kushoto ukabaki wazi nusu, na hatukuwa na kitu kingine.

Mama akaenda mbele ya gari. Alirudi na sanduku.

"Mama, hapana," nikasema.

"Nyamaza ushike kola."

Alifunga vifungo vya shati la kwanza kimoja kimoja, kama anayemvisha mtoto wa shule. Nikashika kola, akajaza. Tulipolisimamisha, pumba zote zikashuka tumboni.

Shangazi akapiga kofi. "Tazameni! Miaka yote kaka yangu mwembamba kama ufito, leo ndiyo amepata kitambi!"

Nilimtazama Mama kwa hofu. Alilitazama lile tumbo. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akaketi chini kwenye vumbi, shati limelala mapajani.

"Miaka thelathini na moja nimempikia," alisema akifuta macho, "kumbe dawa yake ilikuwa pumba!"

Tukajaza mashati tisa na suruali sita. Mpimaji akamwaga pumba katikati mpaka juu.

Njiani askari wa barabarani alitusimamisha. Alizunguka nyuma, akarudi dirishani.

"Hawa mliowapakia mbona hawana vichwa?"

"Ni ukoo wetu, afande," Shangazi akajibu. "Vichwa wameacha nyumbani, havikuwa na kazi."

Askari alijitahidi kununa akashindwa. Alitupungia mkono twende.

Baba mdogo alikuwa amesimama kando ya barabara akitusubiri. Aliona mashati ya kaka yake yamejipanga kwenye nondo, akabaki mdomo wazi. Mama akatoa kichwa dirishani.

"Shemeji! Nguo zako zinakuja! Zina kazi kidogo kwanza!"

Breki safari hii hakukanyaga chochote. Tulifika nyumbani jua bado lipo, tukapakua sote wanne mpaka hatujuani kwa vumbi. Nilipomwaga ndoo ya kwanza kwenye hori, ng'ombe walisukumana kama watu dirishani siku ya mshahara. Mama alisimama akiwatazama wakila, asiondoke.

Jumamosi mnunuzi alikuja na kamba saba. Mama alimfuata getini.

"Ng'ombe hawauzwi."

"Hata mmoja, mama?"

"Hata mkia."

Sasa ng'ombe wanakamuliwa saa kumi na moja alfajiri na saa kumi jioni. Alfajiri nakamua mimi, jioni anakamua Mama.