Karatasi ya Mahudhurio

Mhandisi aliitambua saini yake kabla hajautambua mchoro. Ilikuwa ya kwanza kwenye orodha, maana siku ile ya mafunzo aliwahi kufika kuliko wote, kimbelembele chake cha siku zote.

"Bosi, hii ni karatasi ya mahudhurio. Tulisaini asubuhi, hata chai hatujanywa."

Mkuu wa idara aligonga kidole juu ya karatasi. Kichwa chake kilikuwa kimekatwa na kingine kimebandikwa: WAHANDISI WALIOHAKIKI MCHORO. Chini yake ulibanwa mchoro wa kituo cha kupozea umeme, uleule waliopewa darasani kama zoezi la viwango vya usanifu.

Kosa alikuwa ameliona palepale darasani. Nyaya kuu zilipita chini ya kiwango kwa sentimita sitini, na umeme wa msongo mkubwa hausubiri kuguswa. Ukisogelewa tu, unaruka. Alinyoosha mkono, akasema. Mkufunzi akacheka.

"Dada, huo ni mfano tu. Watu wana njaa hapa!"

Darasa zima likaangua kicheko, naye akacheka nao, akajiona mjinga. Kumbe wakati huo nguzo za kituo chenyewe zilishasimikwa kwa mchoro huohuo.

Wiki iliyopita fundi mmoja alipita chini ya nyaya hizo na ngazi begani. Hakugusa kitu. Nyumbani walikatazwa kufunua jeneza.

"Nilisema, bosi. Watu thelathini walinisikia."

"Na wote thelathini wamesaini. Nani atajichongea kwa ajili yako?" Mkuu alimsogezea ripoti, sauti imelainika. "Mwanangu, una watoto. Hapa tumeandika fundi aliisimamisha ngazi. Saini tuyamalize. Ukikataa, mahakamani jina la kwanza ni lako."

Hasira alikuwa nayo, lakini hofu ilikuwa na nguvu zaidi. Akasaini.

Kwenye benchi la nje mjane wa fundi aliinuka haraka, akapangusa mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, dada. Wameniambia wewe ndiye unayejua."

"Marahaba. Pole sana, mdogo wangu."

"Wanasema alikosea. Miaka kumi na tisa kaibeba ngazi begani, hata nyumbani alikuwa hivyohivyo, tukimcheka. Sasa niambie tu, dada, siku hiyo alikosea wapi?"

Mlango ulikuwa bado wazi. Ndani, mkuu alikuwa akimwagiza karani atoe nakala nne za ripoti.