Mti wa Kupimia Ziwa

Mwaka 1964 ziwa lilikuwa likifurika. Semina ya chuo kikuu iliyokuwa ikifanyika Kisumu ikanikabidhi mimi, mwanafunzi mtukufu wa bweni, mti wa kupimia maji, nguzo yenye alama iliyosimikwa ufukweni Usenge. Nikipima vizuri, ningepanda boti yao ya utafiti.

Mwezi mzima maji yalibaki kwenye alama ileile, ingawa vibanda vya samaki vilishazama. Nikamuuliza Mama Benta, aliyekuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, jirani.

“Maji yakipanda nausogeza mti huku juu,” akasema. “Mti wa serikali ukioza, baba, nitashikwa mimi.”

Kwenye semina nikatangaza kwa heshima zote kwamba ziwa limetulia. Inayohama ni Usenge.

Daktari Waliaula, msimamizi wa semina, alicheka mpaka akavua miwani. “Angalau huyu hakubuni tarakimu,” akasema.

Botini nikapewa kiti, kando ya injini.