Neno la Heshima la Mama Bendita

Mradi wetu wa haki ulikuwa na fomu ya kila kitu. Mahakama inayotembea ilipanda milimani kwa magari mawili, na iliporudi Dili, mji mkuu wetu, ni mimi, Egídia, niliyejaza: kesi ngapi, wanawake wangapi, waliokiri wangapi. Waliokiri waliwafurahisha sana wafadhili, kwa sababu kesi ya aliyekiri huisha kabla ya chakula cha mchana. Ofisini waliniita Dada Mdaku. Sikukasirika. Udaku ndio kazi niliyoajiriwa kuifanya.

Jumatatu moja nilichomoa majalada kumi kabatini, bila kuchagua, niyakague. La saba lilikuwa la mama mmoja mjane, Bendita wa Railuli. Alihukumiwa miaka mitatu kwa kuchoma nyumba ya jirani zake wakati wa ghasia, wenyewe wakiwa wamekimbilia kambini. Shahidi alikuwa mkuu wa kitongoji, Mzee Norberto, aliyesema alimwona na kibatari. Na mama mwenyewe alikiri. Lakini chini kabisa, pa kuweka dole gumba, karani aliandika neno moja: Amekataa.

Nikarudia kusoma. Mtu anakiri mbele ya hakimu na kijiji kizima, halafu anawanyima kidole? Hilo likaniwasha kama upupu. Nikatazama tarehe. Mwisho wa kukata rufaa ulikuwa Ijumaa ya wiki ileile.

Nikamfuata mkalimani wetu, Edmundo. Alipelekwa Lisbon akiwa na miaka minne, akarudi baada ya uhuru na Kireno cha kumtoa nyoka pangoni. Hakimu wetu alikuwa mtu wa ng'ambo asiyejua Kitetun, lugha yetu, hata cha kuombea maji, kwa hiyo bila Edmundo hapakuwa na kesi.

"Kaka, huyu mama alikiri kweli?"

"Alikiri. Tena kwa adabu. Alisema, 'Sisi ndio tuliochoma nyumba hii.' Nimetafsiri mwenyewe."

"Sisi? Yeye na nani?"

"Hakimu alimuuliza hivyohivyo. Mama akaanza kulia, kesi ikaisha."

"Nipe kanda."

"Dada Mdaku, wewe siku ukifa utadai kukagua jeneza lako."

"Nitalikagua, na misumari yake. Nipe kanda."

Nilisikiliza nikiwa nimesimama. Sauti ya mama ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Ita mak sunu uma ne'e," alisema, kisha Edmundo akaingia na Kireno chake. Nikakaa chini. Kwetu neno hilo "ita" lina kazi mbili. Ni sisi sote, mimi pamoja na wewe. Na ndilo neno la kumwambia mkubwa pale ambapo mtoto au rafiki ungemwambia "o", wewe kavu. Kwa hiyo mama alikuwa amesema sisi tumechoma nyumba hii, au alikuwa amesema wewe, mheshimiwa, umechoma nyumba hii. Kanda haina macho. Haikuweza kuniambia alikuwa anamtazama nani.

Jumatano nilikwenda gereza la wanawake. Bendita alikuja akifuta mikono kwa lipa yake, shuka aliyojifunga kiunoni, maana alikuwa jikoni akichambua mboga ya kangkung. Alikuwa mwembamba, na alinishika mkono kwa mikono yake miwili ingawa mimi ni sawa na binti yake.

"Mama, siku ile ulikiri?"

"Nikiri nini, mwanangu? Nilimwambia yeye."

"Yeye nani?"

"Mzee Norberto. Nilimgeukia, nikainamisha kichwa, nikamwambia. Usiku ule nilitoka na kibatari kutafuta nguruwe wangu, nikamkuta yeye na dumu la mafuta ya taa. Nilipomwambia mbele ya watu, yule kijana mkalimani wenu, mwenye viatu vya mjini, akasema Kireno, kila mtu akaandika. Nikajua yameisha, atafungwa. Wakanifunga mimi, ndipo nikawanyima kidole."

Mama huyu alikuwa anakula wali wa gereza mwezi mzima kwa kosa la heshima.

"Sasa mama, mtu kachoma nyumba ya watu, kakusingizia wewe, na bado unamwambia 'ita'?"

Alinitazama kama mtu anayejiuliza nimelelewa wapi.

"Ni mkubwa wangu. Kuchoma nyumba hakumwondolei ukubwa."

Alhamisi asubuhi nilimkalisha Edmundo mbele ya kanda nikamweleza. Mwanzoni alicheka. Kisha akaacha kucheka.

"Lisbon tulikuwa watatu," alisema polepole. "Mama, bibi na mimi. Mimi ndiye mdogo. Wote waliniambia 'o'. 'Ita' nililisikia wakisema twende, tule, tulale. Niliporudi hapa watu wananiita daktari, wananiita mheshimiwa. Dada, sijawahi kuambiwa 'ita' hata siku moja."

"Heri kujikwaa kidole, kaka."

"Lakini huna hakika kuwa ni mimi niliyekosea. Huenda alimaanisha sisi."

Maneno hayo yalikuwa ya haki, yakaniudhi. Tukarudisha kanda nyuma, tukaisikiliza mara tatu, mara nne. Mara ya tano Edmundo aliongeza sauti mpaka mashine ikakoroma. Baada ya maneno ya Bendita, kabla ya Kireno, kiti kilikwaruza sakafu. Kisha sauti ya mwanamume, kwa mbali: "Mimi? Hata kidogo!" Na hakimu akagonga meza kutaka kimya.

Tulitazamana. Ikiwa mama alisema sisi, huyu mwingine alikuwa anakana nini? Hakuna aliyetafsiri kukana kwake, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Edmundo akavuta karatasi. Aliandika kwamba alikosea, kosa lenyewe ni lipi, na kwamba hakulazimishwa kuandika. Alijua karatasi ile itamtoa kazini, na kweli ilimtoa. Mimi nilimtania mno kijana yule, na nikisema leo kwamba siku ile nilimheshimu, sisemi kwa kumfariji. Ijumaa saa nne asubuhi wakili wa mradi aliipokea pamoja na kanda, na rufaa ikaingia kabla ofisi hazijafungwa.

Miezi minne baadaye rufaa ikasikilizwa mjini, na mashahidi wakaitwa upya. Wakili alimketisha Bendita kwenye benchi la nje akamwonya.

"Mama, safari hii usiseme 'ita'. Mwambie 'o'. Hapo hakuna binadamu atakayekosea."

"Nimwambie mzee yule 'o'? Kama namfukuza mbuzi?"

"Mama, ni miaka mitatu."

Bendita alikunja leso yake, akaikunjua, akaikunja tena. Nilitamani nimwingie kinywani nimsemee.

Ndani, Mzee Norberto alikuwa amevaa shati jeupe lenye mikunjo ya pasi, ameketi mbele kama bwana harusi. Kiongozi wa mahakimu, kupitia mkalimani mpya, akamuuliza Bendita ni nani aliyechoma nyumba. Mama akasimama. Akamgeukia mzee. Karani akainua kalamu, akaishusha. Niliona kichwa chake kinaanza kuinama, kwa mazoea, nikasema moyoni, basi, amepotea.

Kichwa kikasimama katikati ya njia.

"O," alisema. "O mak sunu."

Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Nyuma yangu mwanamke alisema, "Mungu wangu, mama wewe!" Norberto aliinuka, mishipa ya shingo imemtoka.

"Unaniambia 'o' mimi?" alipiga kelele. "Mimi? Nilimsimamia mtoto wako wa kwanza ubatizo, leo unaniambia 'o'? Mbele ya watu?"

Mkalimani mpya alitafsiri kila neno, hata hasira. Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho, akasubiri, akasubiri kidogo tena. Kisha akauliza kwa upole kama shahidi ana la kuongeza kuhusu moto.

Norberto alifungua mdomo, akatazama watu, akaketi.

Hukumu ilitoka wiki mbili baadaye: mama aachiwe. Nilikwenda mwenyewe kumpokea Bendita mlangoni mwa gereza, na mfuko wa katupa, wali uliopikwa ndani ya majani ya mnazi, alizosema anazitamani. Alikula moja amesimama, akafunga nyingine kwenye leso, za kwenda nazo nyumbani. Kisha akanishika mkono kwa mikono miwili, kama siku ile.

"Mwanangu, wewe unafika Railuli na magari yenu. Nina ujumbe kwa Mzee Norberto, mimi sina uso wa kumtazama."

"Sema, mama."

"Mwambie anisamehe kwa lile neno."

Nimepanda Railuli mara sita tangu siku hiyo. Ujumbe bado ninao.